Kupitisha trafiki ya storeji kati ya VSAN mbili bila kuzichanganya: IVR kwenye Cisco MDS

Wakuu habari za kazi. Hii nimewaandikia hasa wale ndugu zetu ambao ofisini kwao mtu ni mmoja tu, sava ni yeye, bekapu ni yeye, na zile swichi za faiba chaneli (mtandao wa kuunganisha sava na diski au tepu) ambazo wenzake wote wanaziogopa ni yeye pia. Siku moja anaambiwa sava ya database iandike bekapu moja kwa moja kwenye tepu, isipitie tena mtandao wa kawaida kwa sababu bekapu inaisha saa tatu asubuhi watu wameshaingia kazini. Anaangalia anakuta sava iko VSAN 10 na laibrari ya tepu iko VSAN 50, na VSAN ni mtandao wa storeji uliokatwa ukatengwa ndani ya swichi hizohizo. Zoni ya kawaida, yaani orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kuonana, haivuki VSAN, hata uiandike vizuri namna gani.

Wengi hapo wanafanya la haraka, wanachukua poti ya tepu wanaihamishia VSAN 10 na mambo yanaisha. Wiki ijayo anakuja mtu wa VSAN 20 naye anataka tepu hiyohiyo. Kumbe ungeweza kuiacha tepu ilipo na kuwafungulia wote njia, kila mmoja kwa kipimo chake, na hiyo ndiyo kazi ya IVR (Inter-VSAN Routing), yaani kupitisha trafiki kutoka VSAN moja kwenda nyingine bila hizo VSAN zenyewe kuungana.

Tuelewane kwanza kuhusu VSAN maana ukiruka hapa huko mbele utakuwa unakopi komandi tu. Cisco walipoleta MDS 9000 mwaka 2002 walikuja na wazo la kuikata swichi moja ya chuma kuwa fabriki kadhaa, yaani mitandao ya storeji inayojitegemea, kila moja na orodha yake ya domeini (namba za swichi), daftari lake la majina, zoni zake, na vurugu zake pia. Baadaye kamati ya T11 ikalichukua wazo hilo ikaliweka kwenye viwango kwa jina la fabriki pepe. Kwa hiyo sava ikizimwa na kuwashwa VSAN 20, taarifa zinazorushwa kuwaambia wengine kwamba kuna kifaa kimetoka na kingine kimeingia zinabaki hukohuko VSAN 20, VSAN 10 hawajui hata kama kuna kitu kimetokea. VSAN 1 ndiyo ya kuzaliwa nayo, kila poti inaanzia hapo, na 4094 ndiyo kama korokoro, ukifuta VSAN poti zake zinatupwa huko na hazipati mawasiliano na mtu yeyote. Mimi kwenye VSAN 1 siweki kitu cha kazi kabisa, naiacha wazi.

Sasa chukua nyumba mbili zenye ukuta katikati. Ukivunja ukuta mmekuwa nyumba moja, kelele za watoto wa kule ni zako na ugomvi wao ni wako. Ukitoboa kadirisha kadogo mkapitishiana chumvi, kila mtu kabaki kwake na chumvi imefika. IVR ni hako kadirisha. Kinachopita ni fremu za data za vifaa viwili ulivyovitaja kwa majina, basi. Uchaguzi wa nani awe swichi kuu, ugawaji wa domeini, kujijenga upya kwa fabriki baada ya mtikisiko, hayo yote hayapiti.

Inafanyikaje? Swichi inayomiliki VSAN zote mbili tunaiita swichi ya mpakani, na ndiyo pekee inayohitaji IVR, zile za ndani hazihitaji kujua chochote. Hiyo ya mpakani inatengeneza domeini pepe ndani ya VSAN 10, halafu inaitangaza tepu kwenye daftari la majina la VSAN 10 kana kwamba imechomekwa kwenye swichi yenye hiyo domeini. Sava inauliza daftari, inaiona tepu, inaingia nayo mkataba, inaandika. Upande wa pili ni hivyohivyo, sava inatangazwa VSAN 50 kwa domeini pepe ya huko. Kila kifaa kinaamini mwenzake ni wa nyumbani.

Kuna jambo moja halisemwi sana na linawaumiza watu, ukuta wa VSAN unazuia vurugu za kidhibiti tu, hauzuii foleni. Kama VSAN 10 na VSAN 50 zinapita kwenye trunki moja, yaani kiungo kinachobeba VSAN nyingi, kati ya swichi mbili, basi ile akiba ya bafa inayoruhusu fremu kuondoka ni ya waya mzima, kwa kawaida haigawanywi kwa VSAN. Kifaa kimoja kizembe kikichelewa kupokea, fremu zinajipanga nyuma yake na VSAN nyingine kwenye waya huohuo nazo zinasubiri. Ukifungua IVR unakuwa umemruhusu mgeni kuleta foleni yake kwako, kwa hiyo piga hesabu mapema. Draivu moja ya tepu ya LTO-8 inaandika mpaka megabaiti 360 kwa sekunde kabla ya kubana data, poti ya faiba chaneli ya 8G inabeba kama megabaiti 800 kwa sekunde, maana yake draivu mbili zikikaza tu poti hiyo imekaribia kujaa. Ukiwa na draivu nne na trunki ya waya mmoja wa 8G usilaumu IVR, ongeza nyaya uzifunge kuwa poti chaneli moja.

Na kabla sijasahau, fabriki A na fabriki B, ile mitandao miwili pacha ambayo kila sava huchomekwa kote kuwili, msiziunganishe kwa IVR. Najua kuna siku utaona ni rahisi, hosti ina mguu mmoja tu kwenye A na diski iko B. Lakini A na B zimetenganishwa kwa makusudi ili ukikosea moja nyingine ibaki imesimama, na wewe unataka kuweka kitu kimoja kinachozigusa zote mbili. Hapana. Nunua HBA nyingine, ile kadi ya faiba chaneli ya kwenye sava.

Tuingie kazini. Mfano wetu una swichi mbili za MDS upande wa fabriki A, ya kwanza ndiyo ya mpakani. Sava ya database iko VSAN 10 na jina lake kwenye device-alias ni sava_db01, tepu iko VSAN 50 inaitwa tepu01. Kama hujawahi kutumia device-alias anza leo, kuandika WWN, ile namba ndefu ya kipekee ya kila kifaa, kwa mkono usiku wa manane ndiko makosa yanakozaliwa. Na hiyo HBA ya tepu iwe yake peke yake, usiichanganye na HBA inayosoma diski za database.

Angalia kwanza ulichonacho:

show license usage
show wwn switch
show vsan membership
show fcdomain domain-list vsan 10
show fcdomain domain-list vsan 50
show zone status vsan 10
show zone status vsan 50
show zoneset active vsan 10
show zoneset active vsan 50

Kopi majibu yote uweke kwenye faili, na kila moja lina sababu yake. Leseni ni kwa kuwa IVR inataka ENTERPRISE_PKG, au leseni ya SAN kupitia IP kama unavuka kwa FCIP, yaani faiba chaneli ndani ya mtandao wa IP. Halafu siyo kila MDS inafanya IVR, zile ndogo za zamani kama 9124 hazina, hizo ziache ndani zisiwe mpakani. WWN ya swichi utaihitaji kwenye topolojia. Hizo za show zone status na show zoneset active nitazirudia chini maana ndizo zilizonifundisha kwa maumivu.

Orodha ya domeini ni jambo la kukaa nalo kidogo. Anwani ya faiba chaneli ina biti 24, nane za mwanzo ni namba ya domeini, nane ni eneo, nane za mwisho ni poti, na namba za domeini zinazotumika ni 1 mpaka 239. VSAN zikiwa zimetengana hakuna shida VSAN 10 kuwa na domeini 11 na VSAN 50 nayo kuwa na domeini 11. Ukianza kupitisha fremu kati yao hizo namba zinagongana, mpokeaji hajui 11 ni ya wapi. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuhakikisha kila domeini kwenye VSAN zote zinazohusika ni ya kipekee na imefungwa isibadilike, kwa komandi ya fcdomain domain na namba yako na neno static. Ya pili ni kuwasha NAT ya IVR, swichi ya mpakani ibadilishe anwani kwenye kichwa cha fremu inapovuka, kama rauta ya nyumbani inavyofanya kwenye intaneti.

Mimi nafanya zote mbili. NAT nawasha, na domeini bado nazipanga zisigongane, kwa sababu siku ukitafuta kosa na kila namba ina mwenyewe mmoja unaliona haraka. NAT ina mipaka yake pia, haigawi mzigo kwenye njia mbili tofauti zenye gharama sawa, ila kwenye poti chaneli inagawa vizuri, ndiyo maana nimesisitiza poti chaneli pale juu. Amua suala la NAT leo kabla hujaanza, kuligeuza baadaye trafiki ikiwa inatembea ni kuitikisa trafiki yote.

Sasa washa:

configure terminal
feature ivr
ivr distribute
ivr nat

Kwenye programu za zamani badala ya feature ivr utaandika ivr enable. Hiyo ivr distribute inafanya mipangilio isambae yenyewe kwa swichi zote zenye IVR, maana topolojia na zoni za IVR lazima zifanane kote, ukiandika kwa mkono swichi moja moja utasahau moja tu na hiyo moja ndiyo itakayokukesha. Ila kuanzia hapo kila unachoandika kinabaki kinasubiri mpaka useme ivr commit, na wakati kinasubiri umeshika kufuli, mtu mwingine hawezi kubadili IVR kwenye swichi nyingine. Ukiona umekosea andika ivr abort uanze upya.

Inafuata topolojia, yaani kumwambia nani yuko mpakani mwa nini. Unaweza kuandika ivr vsan-topology auto ikajitafutia yenyewe, na kwa mazingira madogo inatosha. Lakini auto inaokota VSAN zote zilizopo kwenye swichi zenye IVR, hata ile ya majaribio ambayo hukuwa na mpango nayo. Mimi naandika mwenyewe, dirisha nalitoboa pale ninapotaka tu:

ivr vsan-topology database
 autonomous-fabric-id 1 switch-wwn 20:00:00:0d:ec:11:22:33 vsan-ranges 10,50
 exit
ivr vsan-topology activate
ivr commit

Hiyo WWN ni ya mfano, weka ya swichi yako. Hiyo namba ya fabriki inayojitegemea inatumika pale ambapo VSAN 10 ya jengo hili na VSAN 10 ya jengo lile ni vitu viwili tofauti vyenye namba moja, unazipa namba tofauti za fabriki ili zisichanganywe. Kama huna hali hiyo weka 1 kote na uendelee. Hakikisha kwa show ivr vsan-topology, uione mistari yako na imeandikwa iko hai.

Halafu zoni:

ivr zone name db01_tepu01
 member device-alias sava_db01 vsan 10
 member device-alias tepu01 vsan 50
 exit
ivr zoneset name IVR_A
 member db01_tepu01
 exit

Sava moja, draivu moja, zoni moja, usirundike. Majina yako yasianze na IVRZ, hilo swichi inalitumia yenyewe.

Sasa simama hapo kabla hujaandika activate. Rudi kwenye yale majibu ya show zone status na show zoneset active uangalie vitu viwili kwa kila VSAN, je kuna zoniseti (kundi la zoni) iliyo hai, na default-zone, yaani sheria kwa vifaa visivyo kwenye zoni yoyote, imeandikwa deny au permit. IVR ikiamshwa inaingiza zoni yake ndani ya zoniseti ya kawaida iliyo hai ya VSAN 10 na ya VSAN 50. Kama VSAN mojawapo haina zoniseti hai, IVR inagoma. Na wewe usiku huo umechoka, unaona kuna neno force mwishoni mwa komandi, unaliweka, inakubali, unafurahi.

Nilifanya hivyo mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. VSAN ya pembeni ilikuwa na hosti chache, waliotangulia waliiacha default-zone iwe permit, hakuna zoni hata moja, kila mtu anamuona kila mtu. Kwa sababu ya force, swichi ikatengeneza zoniseti mpya yenyewe inayoitwa nozoneset ndani yake ikaweka zoni yangu ya tepu peke yake. Hosti zilizokuwa zinaishi kwa ile permit zikajikuta nje, diski zikapotea kwenye mashine ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na tepu wala na mimi. Nilikaa kama dakika arobaini natafuta kosa kwenye tepu wakati kosa liko kwenye VSAN yenyewe, na watu wa hospitali ile walikuwa wanasubiri mfumo wa wagonjwa urudi, hilo ndilo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nakosa raha. Kwa hiyo tafadhali sana, kama VSAN haina zoniseti, kwanza iandikie zoni za kawaida za kila hosti na diski yake, iamshe, hakikisha hosti zote zinaona diski zake, geuza default-zone iwe deny kwa utaratibu na dirisha la matengenezo, ndipo urudi kwenye IVR. Force usiiguse kwenye VSAN yenye permit.

Ukishajiridhisha:

ivr zoneset activate name IVR_A
ivr commit

Subiri kidogo, halafu:

show ivr zoneset status
show ivr zoneset active
show zoneset active vsan 10
show fcns database vsan 10
show fcdomain domain-list vsan 10

Kwenye zoniseti ya VSAN 10 utaona zoni mpya jina lake limeanza na IVRZ_ ikifuatiwa na jina ulilotoa. Mbele ya kila mwanachama uone nyota, nyota maana yake kifaa kimeingia na kinaonekana, kikikosa nyota hakipo, usihangaike na IVR nenda kaangalie waya au HBA. Kwenye daftari la majina la VSAN 10 tepu iwe imetokea, na kwenye orodha ya domeini kuwe na domeini mpya imeandikwa pembeni kwamba ni pepe ya IVR. Vyote vitatu vikiwepo upande wa swichi umemaliza.

Nenda kwenye sava. Kama ni Linux na tepu haijajitokeza yenyewe, iambie itafute upya:

echo "- - -" > /sys/class/scsi_host/host3/scan
lsscsi -g

Namba ya host ibadilishe iwe ya HBA yako ya tepu. Usitumie ile ya issue_lip kwenye mashine iliyo kazini, inairusha HBA nzima.

Kwa wenye AIX na HP-UX kuna la ziada. Hizi mifumo hasa ya zamani inakumbuka kifaa kwa anwani yake ya biti 24, anwani ikibadilika inakiona ni kifaa kipya na kile cha zamani inasema kimekufa. Anwani pepe ambayo IVR imetoa leo inaweza isiwe hiyohiyo baada ya swichi kuzimwa na kuwashwa, kwa hiyo ifunge:

ivr fcdomain database autonomous-fabric-num 1 vsan 10
 native-autonomous-fabric-num 1 native-vsan 50 domain 150
  pwwn 50:01:04:f0:00:aa:50:01 fcid 0x960101
ivr commit

Soma hivi, ndani ya VSAN 10 vifaa vyenye asili ya VSAN 50 vionekane kwenye domeini 150, na tepu yangu ipewe anwani 0x960101, na 0x96 ndiyo hiyo 150 kwa heksa. Hakikisha 150 haitumiki na mtu mwingine VSAN 10. Fanya hili kabla ya kuamsha zoniseti kwa mara ya kwanza, siyo baada ya hosti kushaingia. Kwenye AIX washa na dyntrk kwenye adapta, yaani uwezo wa kukifuata kifaa anwani yake ikibadilika, inasaidia sana.

Sasa kwa walio na vituo viwili. Tuseme sava iko Dar na tepu iko Dodoma na katikati kuna kiungo cha FCIP. Hapa usiipeleke VSAN 10 mpaka Dodoma wala VSAN 50 mpaka Dar. Tengeneza VSAN ya tatu ya kupitia tu, tuseme 900, haina sava wala diski, ina kazi ya kuvusha. Swichi ya Dar kwenye topolojia unaiandika vsan-ranges 10,900 na ya Dodoma unaiandika 50,900, na kwenye interfesi ya fcip ruhusu 900 peke yake:

switchport trunk allowed vsan 900

Faida yake utaiona siku kiungo kinayumba, na viungo vyetu tunavijua. Kikikatika, fabriki inayojijenga upya ni 900 ambayo haina mtu. VSAN 10 wanaambiwa tu ile tepu haipo, basi, database inaendelea kusoma diski zake bila kushtuka. Kama ungekuwa umeitandaza VSAN 10 yenyewe hadi Dodoma, kila mkatiko ungekuwa unaigawa na kuiunganisha fabriki ya database.

Umbali nao una gharama yake. Mwanga ndani ya faiba unatumia kama mikrosekunde 5 kwa kila kilometa, kwa hiyo faiba ya kilometa 500 kwenda na kurudi ni milisekunde 5 kabla hata hujahesabu vifaa vya njiani. Kuandika kwa SCSI kunakwenda na kurudi mara mbili, hosti inasema nataka kuandika, upande wa pili unajibu haya leta, data inakwenda, ndipo jibu linarudi kwamba imeandikwa. Hiyo ni milisekunde 10 kwa kila ombi, na tepu haipendi kusubiri, inasimama, inarudi nyuma, inaanza tena, mkanda unachakaa na bekapu inalala. Kwenye interfesi ya fcip washa pande zote mbili write-accelerator tape-accelerator, swichi ya karibu inaijibu hosti yenyewe ili mtiririko usikatike. Na watu wa faiawali waombe wafungue TCP 3225.

Makosa ninayokutana nayo zaidi watu wakiniita. La kwanza, mtu kazima zoniseti ya kawaida ya VSAN 10 ili "aisafishe", na IVR imekufa nayo, kwa sababu zoni ya IVRZ_ inaishi humo ndani. Hapo unaamsha zoniseti ya kawaida kwanza ndipo IVR irudi. Mwambie kila anayegusa zoni ofisini kwenu, na zoniseti za kawaida za VSAN hizo ziamshwe kutoka kwenye swichi yenye IVR, siyo ile ya ndani isiyo nayo, na zile za IVRZ_ zisihaririwe kwa mkono.

Lingine ni kufuli. Unaandika komandi inakataa inasema kuna sesheni ya mtu mwingine. Angalia kwa show cfs lock name ivr, utaona ni swichi gani na ni nani. Mara nyingi ni mwenzako alianza jana akafunga laptopu akaondoka bila commit. Mpigie simu kwanza. Akikubali ndipo uende kwenye swichi husika uandike clear ivr session, ukijua kwamba kila alichokuwa ameandika kinapotea. Kwenye VSAN zenye zoni za hali ya enhanced kufuli linaweza kuwa la zoni ya kawaida, siyo la IVR, hapo utaona activate inashindwa kwenye VSAN moja tu.

Kama kila kitu kina nyota na sava bado haioni, toka kwenye swichi. Kwa diski angalia storeji yenyewe kama imemruhusu huyo hosti kuona hiyo LUN (kipande cha diski), IVR haikupi ruhusa ya storeji. Kwa tepu angalia kama laibrari imegawiwa sehemu na hiyo draivu iko sehemu nyingine.

Walio na swichi za Brocade, wazo ni lilelile majina ndiyo tofauti. Kule kuna fabriki pepe zenye namba ya kitambulisho (FID) kuanzia 1 mpaka 128, na kupitisha kati yao kunafanywa na poti za EX, ambazo ukiwa umewasha fabriki pepe zinakaa kwenye swichi ya msingi. Zoni unaiandika pande zote mbili, kila fabriki kwenye zoni zake za kawaida, jina lazima lianze na LSAN_ na wanachama wawe walewale kwa WWN. Rauta ikiona pande zote mbili zimekubaliana inatengeneza kifaa cha uwakilishi, unakikagua kwa fcrproxydevshow, na fabriki zilizounganishwa unaziona kwa fcrfabricshow. Mimi huo utaratibu wa pande zote kuandika naupenda, hakuna anayemfungulia mgeni mlango bila mwenye nyumba ya pili kujua.

Turudi kwetu tumalizie. Usiseme imekwisha kwa sababu tepu imeonekana. Andika bekapu halisi, siyo faili moja ya megabaiti kumi, andika kitu cha saa nzima, na wakati inaandika kaa uangalie show interface counters za trunki na za poti ya tepu kama kuna fremu zinatupwa au poti inakosa akiba ya bafa. Kisha rejesha hiyo bekapu kwenye mashine nyingine uifungue database iwake. Kama una poti chaneli, chomoa waya mmoja uone kama bekapu inaendelea. Kama una swichi mbili za mpakani kwenye fabriki hiyohiyo, kwenye dirisha la matengenezo zima moja. Fanya upande A leo, uache ukae siku kadhaa, upande B ufuate baadaye kwa utaratibu huohuo na mtu mwingine akiwa pembeni anasoma komandi kabla hujabonyeza enta. Matokeo yakikuridhisha:

copy running-config startup-config fabric

Hiyo fabric mwishoni ni muhimu, inahifadhi kwenye swichi zote za fabriki, siyo hii uliyoingia peke yake.